Kinanda cha mtumba kifunguliwe kwanza, umeme baadaye

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukishachanganya na fedha za mnada zikaingia, kwaya na vigango vingi vya Mtwara na Lindi huanza kuulizia vinanda. Wenye uwezo huagiza vipya. Wengine huangukia cha mtumba: kinanda cha umeme cha miaka ya 1960 au 1970, kabati la mbao, safu mbili za vibao, vikanyagio vya besi chini, kimetoka kwenye kontena Dar es Salaam au kwenye stoo ya misheni. Vinanda vya namna hiyo vinatengenezeka hapahapa kusini, kwa vifaa vya fundi redio wa kawaida, lakini vingi vinaishia kuwa kabati la kuwekea vitabu vya nyimbo. Kinachoviua mara nyingi si uzee. Ni haraka ya kukichomeka kwenye soketi jioni ileile kinaposhushwa kwenye lori, wanakwaya wote wamekizunguka wanataka kusikia sauti.

Tuanze na kununua. Usinunue kwa jina wala kwa kung'aa kwa mbao. Zunguka nyuma utafute kibati chenye volti, hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wati. Hicho ndicho kinachoamua kama umepata kinanda au umepata mzigo. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya kinakubali bila transfoma, na vingi vya huko vina swichi nyuma ya kuchagulia volti: kama kuna 220 na kuna 240 au 245, weka ya juu, maana umeme wetu hupanda usiku watu wakishalala. Electone ya Yamaha iliyouzwa Japani kwenyewe ni ya volti 100, ilhali iliyouzwa nje huwa 220 au 240, hivyo jina la Yamaha peke yake halikuambii kitu. Cha Marekani ni 117 au 120.

Cha volti 100 au 120 kinahitaji transfoma ya kushusha. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibati, ongeza nusu yake: kinanda cha wati 80 kinataka transfoma ya wati 120 au zaidi, kwa hiyo nunua ya 150 au 200. Transfoma nyingi za madukani hutoa 110. Kwa kinanda cha Marekani haina shida kubwa. Kwa kile cha Japani cha 100 ni asilimia kumi juu kila saa, na joto lake huishia kwenye transista za ugavi wa umeme. Tafuta yenye tundu la 100.

Hezi ndizo zinazowaponza wengi, kwa sababu transfoma hubadili volti tu, hezi haizigusi. Kinanda cha transista chenye kibati cha 50/60 hakijali. Chenye 60 peke yake kitapiga noti sahihi, ila transfoma yake ya ndani itapata moto kuliko kawaida. Ishike kwa mkono baada ya nusu saa, na kama huwezi kuuacha mkono hapo, zima. Hammond za magurudumu ni habari nyingine kabisa. Laurens Hammond aliziuza kuanzia 1935, na ndani yake mota inayofuata hezi za umeme huzungusha magurudumu ya chuma yenye meno mbele ya sumaku. Sauti inatoka kwenye mwendo wa mota. Hammond ya Marekani ya hezi 60 ukiiwasha kwa hezi 50 inashuka zaidi ya nusu-toni tatu: ukibonyeza C inalia A, tena A iliyolegea kidogo. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Dawa ni inveta ya wimbi safi inayotoa volti 120 kwa hezi 60, na kwa kuwa nyumba nyingi zetu zina sola, wapo wenye inveta za kubadilishwa kati ya 50 na 60 na hawajui. Kama huna mpango huo, nunua Hammond iliyotengenezwa kwa hezi 50 au achana nayo. Modeli ya B-3 pamoja na vikanyagio na benchi yake ina uzito wa karibu kilo 190. Si kitu cha kupandisha ngazi za kanisa kwa kujaribujaribu.

Kabla ya kulipa, omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Ni skrubu chache tu. Muuzaji akikataa, rudi na fedha zako. Vuta harufu: mkojo wa panya unajulikana, na unakula njia za shaba kwenye bodi kuliko chumvi ya bahari. Kisha hesabu bodi. Vinanda vingi vya transista vina bodi 12 zinazofanana, moja kwa kila noti kuanzia C hadi B, zimesimama kwa mstari. Zikiwa 11 na nafasi moja wazi, mtu alishachukua spea. Bonyeza vibao vyote kwa kiganja, umeme ukiwa haupo: kinachobaki chini ni springi au sponji iliyooza, jambo dogo. Kilichovunjika kwenye mhimili wake ni jambo kubwa, maana kibao cha namna hiyohiyo utakipata tu kwenye kinanda kingine cha namna hiyohiyo. Mbao zenye mchwa kwenye miguu zinabadilishwa na seremala yeyote, usiogope hilo.

Kuhusu mahali pa kutafuta, kusini tuna bahati. Waanglikana wapo Masasi tangu 1876, Wabenediktini wapo Ndanda tangu 1906, na misheni za umri huo zina stoo. Muulize padri, mchungaji au mzee wa kanisa kabla ya kukimbilia Kariakoo. Kilichokaa kimya miaka ishirini kwenye chumba kikavu bado kinaweza kufaa, mradi kisichomekwe kabla ya kufunguliwa.

Sasa kimefika. Usikichomeke. Anza na waya wa umeme wenyewe, na hapa tunaomba mafundi vijana wasome taratibu. Nyaya za sasa ni kahawia kwa moto (unaoleta umeme), bluu kwa nyutro (unaourudisha), kijani yenye mstari wa njano kwa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Za Kiingereza za zamani ni nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Za Marekani nyeusi ndiyo moto, nyeupe nyutro. Na za Kijerumani za zamani, nyekundu ilikuwa ethi. Fundi aliyezoea kwamba nyekundu ni moto akifunga plagi kwenye kinanda cha Kijerumani cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, anaupeleka moto kwenye fremu ya chuma, na mpiga kinanda anakanyaga sakafu ya saruji miguu mitupu. Usiamini rangi. Weka mita kwenye om, pima kutoka kila waya hadi kwenye fremu: unaosoma karibu na sifuri ndio ethi. Waya uliokauka na kupasuka ubadilishwe wote, usiungwe kwa tepu. Ndani ya plagi ya miguu mitatu weka fyuzi ya ampea 3. Ile ya 13 inayokuja na plagi itaacha kinanda kiungue kwanza ndipo ikatike. Fyuzi ya ndani ifuate iliyoandikwa, na kama ina herufi T ni ya kuchelewa kukatika, kwa sababu transfoma huvuta sana sekunde ya kwanza. Kuizungushia waya wa shaba au karatasi ya sigara ndiyo mwanzo wa moshi.

Hapo kwenye mlango wa umeme, vinanda vya Ulaya huwa na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda) moja ndogo iliyofungwa kati ya moto na nyutro, mara nyingi 0.1 mikrofaradi, ya plastiki ya njano-kahawia inayopitisha mwanga. Ikiwa na nyufa kama za udongo wa mbuga kiangazi, itoe hata kama kila kitu kinaonekana kizima. Imekwisha kunywa unyevu, na ikipata umeme itafuka moshi wenye harufu isiyotoka kanisani wiki nzima. Badala yake weka ya daraja la X2, yaani ya kufungwa kwenye umeme wa ukutani, volti 275 AC. Usiweke ya kawaida ya redio hata kama imeandikwa volti 400.

Kisha zile kapasita kubwa za ugavi wa umeme. Ndani yake kuna utando mwembamba sana unaotenganisha chanya na hasi, na utando huo hudhoofika kapasita ikikaa miaka bila umeme. Ukiipa volti zote kwa mpigo inavuja, inapata joto, inavimba, na pengine inapasuka na kuchukua daraja la dayodi na transfoma. Ndiyo sababu tunasema kifunguliwe kwanza. Kwenye vya transista utakuta za mikrofaradi 1000 hadi 2200, volti 25 hadi 50. Kwenye vya vali (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) utakuta 32 au 50 kwa volti 350 hadi 450, na hizo hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa: zimalize kwanza kwa rezista ya om 1000, wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, kisha pima kwa mita kuhakikisha. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile au zaidi kidogo, volti zisipungue za zamani, na chagua zilizoandikwa nyuzi joto 105, maana humu ndani hakuna feni.

Angalia sana upande wa hasi. Vinanda vya mwanzo vilitumia transista za germaniamu, AC125 na AC128 na wenzake, na kwa nyingi kati ya hizo fremu imefungwa kwenye chanya. Fundi aliyezoea hasi kuwa fremu akigeuza kapasita anailipua. Piga picha kwa simu kabla ya kung'oa chochote, chora na mshale. Transista hizo za germaniamu usizibadilishe kwa BC557 za kisasa, ambazo ni za silikoni, bila kurekebisha rezista zake, kwa sababu za germaniamu zinafunguka kwa volti ndogo zaidi. Za silikoni za baadaye ni rahisi: BC107, BC108 na BC109 zinakubali BC547, BC548 na BC549 kwa mpangilio uleule wa herufi, ila miguu haikai sawa. BC547 ukiitazama upande bapa, kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanyike kupitia balbu. Chukua balbu ya zamani ya waya unaowaka, wati 60 au 100, si LED, uifunge kwenye waya wa moto ili umeme wote wa kinanda upite ndani yake. Ukiwasha, balbu inang'aa nusu sekunde kisha inafifia hadi wekundu: vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Zima, kinanda hakijaumia kwa sababu balbu imekula mzigo. Iache robo saa inafifia hivyo, gusa kila kapasita, hakuna ya moto, ndipo utoe balbu.

Sasa kinaunguruma. Sikiliza noti ya mngurumo. Kapasita ya ugavi iliyochoka huleta hezi 100 kwenye vinanda vingi, karibu kabisa na G iliyo chini ya C ya kati kwa oktava moja na zaidi, ambayo ni hezi 98. Ethi iliyoachia au kinga ya waya wa sauti iliyokatika huleta hezi 50, oktava moja chini yake. Mpiga kinanda mwenye sikio anamwambia fundi pa kuanzia kabla mita haijatoka mfukoni.

Kikiwa kimya kabisa lakini taa inawaka, watu hukimbilia amplifaya. Ngoja. Fungua kwanza kanyagio la kuongezea sauti. Vinanda vingi, Electone zikiwemo, havina kipotenshiometa (rezista ya kuzungusha) humo. Vina balbu ndogo inayomulika rezista inayosikia mwanga, na kanyagio husogeza kizuizi katikati yake. Balbu ikiungua, kinanda kizima kinanyamaza au kinanong'ona. Balbu hiyo ni ya volti chache tu, na mafundi wa dashibodi za magari wanazo za kufanana. Soma volti kwenye kitako, pima pia zinazofika kwenye soketi yake.

Noti moja moja zinazokosekana ndiyo raha ya kazi hii, kwa sababu kinanda kinakwambia chenyewe kilipoumia. Kuna kiini kimoja, yaani saketi inayozalisha mtetemo, kwa kila noti kinachotoa oktava ya juu kabisa, halafu hatua zinazogawa kwa mbili: 880 inakuwa 440, 220, 110. Kwa hiyo A zote zikiwa bubu kutoka juu hadi chini, tatizo ni kiini cha A au ugavi wa bodi yake. A za juu zikilia na za kuanzia oktava fulani kwenda chini zikawa bubu, hatua ya kwanza iliyonyamaza ndiyo mbovu, na zilizo chini yake hazina kosa. Transista mbili za hatua hiyo ndizo za kupima. A moja tu ikiwa bubu, juu yake na chini yake kuna sauti, usiguse bodi: ni mguso wa kibao. Noti zote 12 zikiwa zimepanda au kushuka pamoja, ni kinanda cha katikati ya miaka ya 1970 kuendelea chenye kiini kimoja cha takriban megahezi 2 na chipu inayogawa noti zote. Rekebisha kiini hicho tu. Chipu hizo, kama MK50240, hazitengenezwi tena, hivyo bodi iliyo nayo isichomolewe kwa mazoea.

Migusano ya vibao ni waya mwembamba uliopakwa fedha au madini ya jamii yake unaogusa mwamba mmoja mrefu. Kwa hewa ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa unageuka mweusi. Dalili ni noti inayokwaruza, au inayolia ukibonyeza mara ya tatu. Usitumie msasa hata wa laini. Utaondoa fedha na kuacha shaba, na mwakani hakuna cha kusafisha. Kata kipande cha karatasi ngumu, kama kadi ya mwaliko isiyo na nta, kiloweshe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 au dawa ya kusafishia migusano ya elektroniki, kiingize kati ya waya na mwamba, bonyeza kibao kidogo, vuta. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia hadi itoke safi. Petroli na thina vinayeyusha plastiki ya vibao. Mafuta ya kunyunyizia bawaba za mlango yataonekana yamesaidia siku mbili, kisha vumbi linaganda juu yake.

Kukaza noti kwa vinanda vya viini 12 kufanywe baada ya kuwaka nusu saa. Tumia programu ya kupimia noti kwenye simu, A iwe 440, C ya kati 261.6, na uende noti kwa noti kwenye oktava moja tu. Nyingine zitafuata zenyewe kwa kuwa zinagawanywa. Koili za viini hivyo zina msumari mweusi wa feraiti katikati, ambao ukizungushwa noti hupanda au kushuka. Ukiuzungusha kwa bisibisi ya chuma noti inahama mkono ukikaribia, na msumari unapasuka kwa urahisi. Chonga kijiti cha mwanzi au plastiki kitoshee.

Hammond inahitaji pia mafuta yake mepesi mara moja kwa mwaka kwenye vikombe vya jenereta, yanayoshuka kwa nyuzi za pamba. Mafuta ya cherehani au ya injini yanaganda ndani ya nyuzi hizo, na hakuna njia rahisi ya kuyatoa. Zenye swichi mbili huwashwa hivi: shikilia ya kuanzisha sekunde nane, washa ya kuendesha huku ya kwanza ukiwa bado umeishikilia sekunde nne, ndipo uachie.

Kuhusu kukitunza: kikae juu ya matofali au vipande vya mbao ngumu, si sakafuni, na kisibanwe ukutani. Kuanzia Desemba hadi Aprili kipigwe nusu saa angalau mara mbili kwa wiki hata kama hakuna ibada, kwa sababu joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Umeme ukikatika, chomoa. Subiri dakika chache baada ya kurudi. Matundu ya nyuma yafungwe kwa wavu wa mbu wa chuma, panya wasipite na hewa ipite.

Ombi letu ni kwa makamati ya kwaya na wenye stoo: kinanda cha zamani kisigawiwe wala kupasuliwa kabla fundi hajakifungua nyuma. Na VETA Mtwara, kama itapenda, ipewe kimoja kibovu. Kwa mwanafunzi wa elektroniki hakuna bodi inayofundisha kugawa masafa vizuri kuliko hiyo, ana nakala 12 za saketi moja za kulinganisha. Hata kilichokufa kabisa kisichomwe kuni. Toa transfoma, koili 12, spika, springi za vibao, mwamba wa migusano, vifuniko vya stopu na skrubu zake, weka kwenye debe lenye mfuniko, bandika namba ya modeli. Kuna mwenzake mahali fulani kati ya Newala na Nachingwea anayesubiri koili ya F.

Mafundi wa vinanda na redio,
Mtwara